Barua ya Wazi kwa Wakuu wa USB

USB Implementers Forum,
Beaverton, Oregon,
Marekani.

YAH: PONGEZI KWA FLASHI ZISIZOJUA KUHESABU

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka 1999 mlitoa mwongozo wa namna flashi inavyopaswa kuzungumza na kompyuta. Hongereni, unasomeka vizuri. Unataka kila taarifa ya kukamilika kwa kazi ianze na saini ya herufi nne: USBS. Kuna vifaa vilivyoona hizo ni kero, vikaja na herufi zao. Linux imekubali yaishe: inaikariri saini ya kwanza inayoletewa, kisha inaomba tu isibadilike njiani.

Hayo ni madogo. Kompyuta ikiuliza sekta ya mwisho ni namba ngapi, flashi yenye sekta 1,000 inatakiwa kujibu 999, maana hesabu huanzia sifuri. Kanuni hiyo ni ya SCSI, lugha ya amri za diski, mliikopa tu. Baadhi hujibu 1,000 bila haya. Kompyuta yenye adabu ikienda kuisoma sekta hiyo hewa, flashi nyingine hukata kauli mpaka zichomolewe. Tena ziko diski za matoleo mawili yasiyotofautishika, moja mkweli, moja mwongo. Hapo draiva ya Linux hupiga ramli: jumla ikitoka witiri, inapunguza moja. Sitanii, ndivyo programu ilivyoandikwa.

Hata kuulizwa jina ni mtihani. Linux huomba baiti 36 kamili za utambulisho, kwa kuwa vifaa vingi hupaliwa vikiombwa zaidi au pungufu.

Makosa ya namna hii huandikwa kwenye faili la Linux liitwalo unusual_devs.h: kampuni, modeli, toleo, na dawa yake. Ni kama kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, ila humu anayeonywa ni mlalamikaji.

Najua mtasema mnapima. Mnampima anayetaka nembo yenu. Asiyeitaka hununua namba ya mtengenezaji, huchomeka flashi kwenye Windows, na ikifunguka anafunga maboksi.

Ombi langu ni moja. Kwa kila mstari inaoandikiwa kampuni kwenye faili hilo, ilipe ada ya namba upya, na fedha ziende kwa wanaolitunza. Mistari waihesabu watengenezaji wenyewe. Kwa mazoea yao watazidisha mmoja, na chenji isirudishwe.

Wenu mtiifu,
Mchomekaji