Marehemu Mwenye Kidole cha Ziada

Mashabiki wa siku nyingi wa The Bold and the Beautiful wakikutana, huwa ni kikao cha wazee wa ukoo. Tamthilia hiyo ya Marekani iko hewani tangu Machi 1987, na asiyeweza kupanga ndoa za mhusika Brooke kwa mfuatano hapewi nafasi ya kusema. Aliolewa na Ridge, tena na tena. Kabla ya hapo alishaolewa na Eric, mzee aliyemlea Ridge kama mwanawe. Kwetu mashangazi wangeitisha kikao. Kule wanaitisha keki.

Mashabiki hao wanamlilia sana Ronn Moss, aliyeigiza Ridge mpaka 2012. Mwaka uliofuata Ridge alirudi na sura ya Thorsten Kaye, na hakuna nyumbani mwao aliyeuliza kile kidevu cha zamani kimeenda wapi.

Ila mguse Sheila Carter, mhalifu wa tamthilia hiyo, uone. Mwaka 2022 alijikata kidole cha mguu akakiacha, ili watu waamini ameliwa na dubu. Wakaamini! Mwaka 2024 akachomwa kisu, akatangazwa marehemu, akaagwa. Maiti inaingia tanuruni, Deacon mpenzi wake anatupa jicho miguuni: vidole kumi, kamili. Polisi na mochwari walishapitisha. Mwenye mapenzi ndiye aliyehesabu.

Haya yote mashabiki wanayasimulia bila kucheka, kisha wanalalamika kwamba hadithi za siku hizi hazina ukweli kama za zamani. Zamani, yaani enzi zile Taylor, mke mwingine wa Ridge, alipokufa mara mbili na kurudi mara mbili, nywele zimetengenezwa.