Kidonge cha Kusingizia

Wenzangu wamesifia farasi, bahari na mahaba mpaka wino ukawaishia. Mimi nasifia kidonge. Cheupe, kidogo kuliko harage, miligramu 20, makazi yake ni juu ya friji jirani na kiberiti. Jina la kwenye pakiti ni atovastatini. Mama Zuhura anakiita "mwenzio".

Sikukitafuta. Nilikwenda kupima presha, nikaambiwa maadamu nimeshafika, tupime na mafuta. Nikacheka. Mimi ni mwembamba kiasi kwamba mkanda wangu nimeuongezea matundu mawili kwa msumari. Majibu yalipotoka, mafuta mabaya yalikuwa yamepanda mahali ambapo mimi sijawahi kufika. Nikaanza kujitetea kuhusu chipsi mayai, na supu ya kongoro ya Jumamosi asubuhi. Daktari, kijana wa umri wa Zuhura wangu, akasubiri nimalize.

"Mzee, kongoro ina lake. Lakini sehemu kubwa ya kolesteroli mwili unajitengenezea wenyewe, na kiwanda kikubwa ni ini. Baba yako alifariki kwa maradhi gani?"

"Hakuugua. Alianguka tu shambani."

"Akiwa na miaka mingapi?"

Nikamtajia. Akaandika bila kuniangalia.

Duka la dawa lilikuwa na binti aliyeniamkia vizuri na kunihudumia vizuri zaidi. "Baba, unameza kimoja kila siku usiku." Mpaka lini? "Hii haina mpaka lini, baba." Sisi ni watu wa dozi. Mseto wa malaria ni siku tatu, vidonge 24, umemaliza, unatupa pakiti na kurudi kazini. Dozi isiyomalizika sikuwahi kuisikia. Nililipa kwa unyonge wa mtu aliyepangishiwa mpangaji wa maisha. Unyonge ule uliisha kijiweni, maana kule mafuta ya damu bado ni ugonjwa wa wakubwa, na fundi viatu aliyezoea kuniita "mwalimu" alianza siku ile kuniita "bosi".

Sifa haziendi bila nasaba, na nasaba ya kidonge changu ni uozo. Akira Endo, mtoto wa wakulima wa kaskazini mwa Japani, aliwaza hivi akiwa kazini kwenye kampuni ya Sankyo: kuvu haina miguu ya kukimbilia wala meno ya kung'atia, basi bila shaka hujilinda kwa sumu, na huenda ipo inayowanyima adui zake uwezo wa kutengeneza kolesteroli. Akachambua aina zaidi ya 6,000. Mwaka 1973 akakipata alichokitaka kwenye ukungu wa kibuluu ulioota juu ya mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Mchele wa namna ile mama yangu aliwamwagia kuku. (Sasa najiuliza kama wale kuku ndiyo maana hawakuwahi kuugua moyo, ingawa kweli hatukuwapa muda.) Kitu cha Endo chenyewe hakikufika madukani, ila ndugu yake wa kwanza aliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Changu ni cha kizazi cha baadaye, kimeundwa maabara na hakijawahi kuuona mchele, lakini ukoo ni ule ule.

Na kazi yake nani ataisimulia? Kwetu ini ndiko mapenzi yanakokaa. Maneno makali tunasema yamekata maini. Kidonge hiki huyaingia maini usiku na usiku bila neno. Kinakikalia kimeng'enya kinachotengeneza kolesteroli, ini linaona limepungukiwa, linapeleka mikono mingi zaidi kuyazoa mafuta mabaya kutoka kwenye damu. Mwaka 1994 Waskandinavia walitoa matokeo ya wagonjwa wa moyo 4,444 waliofuatiliwa kwa miaka mitano na ushee: waliomeza ndugu yake mmoja walikufa wachache kwa asilimia 30 kuliko waliomeza kidonge kitupu.

Hayo ni ya vitabuni. Mimi namsifia kwa lingine: tangu aingie nyumbani kwangu, sina kosa.

Zamani nikisahau kununua mkaa nilikuwa mzembe. Leo ni kidonge. Nikisinzia kwenye kikao cha harusi, kidonge. Jirani akiomba nimsaidie kuhamisha kabati, nashika paja, nakunja uso, nasema, "Hizi dawa za mafuta, ndugu yangu," naye ananipa pole na kiti. Hata balungi nisilolipenda tangu utoto nalikataa sasa kwa amri ya daktari, na hapo sidanganyi, maana tunda hilo huuzuia mwili kukivunja kidonge, kikajazana. Mke gani, mtoto gani, mtumishi gani angebeba lawama zote hizi kwa mwaka mzima bila kufungua mdomo?

Nikiri kwamba yapo maumivu ya kweli. Daktari alinionya kwamba misuli ikiuma sana na mkojo ukawa kama chai ya rangi, nisingoje asubuhi. Hayo ni nadra. Mengi ni ya aina yangu, na London wamekwisha kuyachungulia. Waliwachukua watu 60 walioacha dawa hizi kwa sababu ya madhara, wakawapa chupa 12 za kumeza kwa miezi 12: nne zenye dawa, nne zenye vidonge bandia, nne tupu. Mwaka 2020 wakatangaza kwamba asilimia 90 ya yale maumivu yaliyokuja na dawa yalikuja pia na vidonge bandia. Utafiti ule niliusoma mara mbili, nikaukunja. Mama Zuhura sikumwonyesha.

Juzi tulirudi kutoka msibani Korogwe, siku nane. Kushuka tu kwenye basi nikaona mabegi yalivyo mazito, nikashika paja.

"Kidonge?" akauliza.

"Kidonge, mama. Safari hii kimenikamata vibaya."

Akabeba begi moja, kijana wa bodaboda akabeba mengine. Tulipoingia ndani alikwenda moja kwa moja jikoni, akarudi na pakiti yangu. Ilikuwa pale pale juu ya friji tulipoiacha, imefunikwa vumbi jembamba, vidonge vyote nane vimekaa kwenye vitanda vyao.

Nikamwambia labda kilinifuata.