Kwangu Inafanya Kazi

Mhandisi bado hajaweza kumtazama mteja usoni. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta uliomulikwa na projekta, shati limenyooshwa kwa pasi, akasema, "Sasa tuione ripoti ya mwezi," kisha akabofya. Ukuta ukajaa maandishi mekundu. Mstari wa juu kabisa ulisomeka NoSuchMethodError, na baada yake checkArgument(ZLjava/lang/String;Ljava/lang/Object;)V. Mkuu wa fedha upande wa mteja, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliuliza jambo moja tu: "Samahani mwanangu, hiyo Z ni ya nini?"

Mtu anayetafuta pa kujificha hujibu maswali kwa mapana. Java, alieleza, huandika aina za data kwa herufi mojamoja. Thamani ya ndiyo au siyo, yaani buliani, ilistahili B, lakini B ilishachukuliwa na baiti, basi ikaangukia Z. Namba ndefu nayo ilitaka L ikaikosa, kwa kuwa L hutangulia majina ya klasi, ikapewa J. Ile V ya mwisho maana yake hairudishi kitu.

"Hairudishi kitu," mama alirudia, akaandika kwenye daftari lake.

Kilichouma zaidi, hiyo checkArgument ni kipande cha Guava, maktaba maarufu ya Google, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba programu imepewa vitu sahihi. Mlinzi wa mlango ndiye aliyekosekana. Na hakukosekana kabisa: alikuwapo, ila wa mwaka 2012.

Mambo yalikuwa hivi. Mfumo ule ulikuwa na moduli kadhaa zinazojengwa kwa Maven, chombo cha kujengea programu za Java. Moduli ya ripoti ilitumia maktaba ya kuchora chati, ambayo nayo ilihitaji Guava 27. Moduli ya hifadhi ilitumia Hadoop ya zamani, mfumo wa kuhifadhi data kubwa, iliyong'ang'ania Guava 11.0.2 miaka na miaka. Kila moduli ilipojaribiwa peke yake ilipata Guava yake, majaribio yakapita, watu wakaenda kula. Moduli ya tovuti ndiyo iliyozikutanisha, na ndani ya programu moja Maven huruhusu toleo moja tu.

Ichague lipi? Mtu mwenye akili timamu angedhani jipya. Gradle, mshindani wa Maven, hufanya hivyo hasa: kwa kawaida huchukua toleo la juu zaidi. Maven haiangalii umri. Inahesabu hatua kutoka kwenye mradi mpaka kwenye maktaba, na aliye karibu hushinda. Ni posa inayoamuliwa na jirani wa mlango wa pili huku mjomba anayewajua wakwe akiachwa kijijini. Umbali ukilingana, hushinda aliyetajwa kwanza kwenye pom.xml, faili inayoorodhesha maktaba za mradi. Umbali ulilingana. Ripoti ilikuwa imetajwa kwanza, na kwa bahati hiyo mfumo ulifanya kazi vizuri kabisa, hadi jioni ya kuamkia maonyesho, mwenzao mmoja apendaye usafi alipoipanga ile mistari kwa alfabeti. H hutangulia R.

Hapo ndipo mhandisi alipopata kitu cha kustaajabia kuliko aibu yenyewe. Guava ya 2012 ina checkArgument pia, na inapokea hoja zilezile, ila zimefungwa kwenye mkungu mmoja. Toleo la 20 liliongeza milango ya hoja mojamoja ili kuokoa kumbukumbu ya kompyuta. Aliyeandika maktaba ya chati hakubadilisha hata herufi. Alijenga tu upya juu ya Guava mpya, na kikusanyaji kikachagua mlango mpya kimyakimya. Kosa hili hili liliwapata wengi waliofunga Hive 3.1.2, programu ya kuulizia data hiyo, yenye Guava 19, juu ya Hadoop 3 yenye Guava 27. Dawa iliyosambaa ilikuwa kufuta faili moja kwa mkono na kunakili nyingine mahali pake. Ofisini walifunga toleo kwenye pom mama, kwenye sehemu ya dependencyManagement, kazi ya mistari michache.

Wiki hiyohiyo mhandisi mwingine alijenga moduli ya tovuti peke yake, na Maven ikamletea moduli ya malipo iliyochakaa kutoka kwenye folda ya .m2, ghala lake la ndani ya kompyuta.

Kisha moduli mbili zikategemeana. Maven ikakataa kujenga hata moja.

Yote hayo yanachekesha hadi mtu ajiulize nani anazilisha maktaba hizi. Mwezi Machi 2016 Azer Koçulu, baada ya mzozo wa jina na kampuni ya Kik, aliondoa vifurushi vyake kwenye npm, hazina ya vifurushi vya JavaScript, kimojawapo left-pad, mistari 11 ya kujaza nafasi kushoto mwa neno. Miradi mikubwa ikashindwa kujengeka kwa saa kadhaa, na lawama zikamwendea yeye. Desemba 2021 tundu la usalama lilipogunduliwa ndani ya Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, waliokesha kuliziba walikuwa watu wa kujitolea, huku kampuni tajiri zikihaha kujua kama zinaitumia, maana iliingia kwao kupitia maktaba ya maktaba. Kuorodhesha unachokula bure si kazi ngumu. Hawakuifanya.

Mwezi Januari 2022 kampuni moja kubwa ilimwandikia Daniel Stenberg, Mswidi aliyeanzisha curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, ikidai aeleze ndani ya saa 24 jinsi Log4j ilivyoathiri programu yake. Curl imeandikwa kwa lugha ya C, haina Java hata chembe, na kampuni hiyo haikuwa mteja wake. Stenberg alijibu kwamba angefurahi kujibu yote wakishaini mkataba wa huduma. Walimwandikia tena, wakamwita David.