Jinsi ya Kulikabidhi Wingu Data Zako na Bado Ukapata Usingizi

Anza kwa kulipa wingu haki yake. Tangu Amazon ilipoanza kukodisha hifadhi ya S3 mnamo Machi 2006, na seva za EC2 miezi michache baadaye, vijana wawili wenye kompyuta mpakato wanaweza kufungua kampuni bila kununua seva hata moja. Wateja wakifurika Desemba wanaongeza nguvu, Januari wanapunguza na bili inashuka. Kwa mwenye duka Kariakoo ambaye hesabu zake zote zilikuwa kwenye kompyuta moja yenye virusi, huo ni ukombozi. Hamia, wala usiwasikilize wanaokutisha.

Ukishahamia, uliza nakala ya data zako inalala wapi. Jibu la "iko salama" likatae papo hapo, hata likitoka kwa muuzaji aliyevaa suti nzuri. Usiku wa Machi 10, 2021, kituo cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliwaka na jengo la SBG2 likateketea. Wapo wateja ambao nakala zao zilikuwa hapohapo, zikaenda na moto. Anayeweka nakala ubavuni mwa data yenyewe ameongeza kuni tu.

Usijidanganye kwamba wakubwa hawakosei. Septemba 2025 moto uliunguza kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na hifadhi ya watumishi wa umma, terabaiti 858, ikapotea. Haikuwa na nakala mahali pengine. Eti ilikuwa kubwa mno kunakiliwa! Kazi za watu za miaka mingi zimepotea kwa hoja hiyo, nami naichukia. Kadiri mali inavyokuwa kubwa ndivyo inavyodai ulinzi zaidi.

Kisha weka nakala nyingine kwa mtoa huduma tofauti kabisa. Mhasibu atalalamika kwamba unalipa mara mbili. Msimulie habari za UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000. Mei 2024, kosa la usanidi upande wa Google Cloud lilifuta wingu lao binafsi, hata sehemu yake ya pili iliyowekwa kwa tahadhari. Nakala zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine zilisaidia kuwarudisha kazini. Mhasibu akiendelea kulalamika, mwongeze kikombe cha chai na umsimulie tena.

Nywila ya nakala isiwe ile ya data. Kampuni ya Code Spaces ilivamiwa Juni 2014. Mvamizi aliingia kwenye paneli yao ya Amazon, akadai fedha, akafuta sehemu kubwa ya data pamoja na nakala, na kampuni ikafa.

Mwisho kuna bahari. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya chini ya bahari ya EASSy na Seacom ilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Data za watu zilikuwa nzima, ila hazifikiki. Kwa hiyo orodha ya wagonjwa wa leo, bei za leo na namba za wateja ziwepo pia kwenye mashine iliyomo ndani ya jengo lako.

Ijumaa hii chukua faili moja la mwaka jana, lirejeshe kutoka kwenye nakala, ulifungue. Lisipofunguka, ahirisha kila kitu hadi lifunguke.