Stelingi Hafi: Mhadhara wa Profesa wa Benchi la Mbele

Mheshimiwa mwenye banda, wazee wangu mliowahi viti vya plastiki, vijana wa mabenchi, na nyinyi watoto mnaochungulia kwenye matundu ya turubai bila kulipa: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wasio na upande, habari za jioni.

Umeme umekatika, jenereta halina mafuta, na mwenye banda amekataa kurudisha viingilio. Nimeona basi ni wajibu wangu kwa taifa kulijaza giza hili kwa elimu. Wengi mnanifahamu. Mimi ni Profesa wa Picha za Mapambano na Mambo ya Anga. Uprofesa huo nilijitunuku mwenyewe, baada ya kutafuta mtu mwenye sifa za kunitunuku na kumkosa. Nimekaa benchi la mbele miaka 27. Shingo yangu, ambayo siku hizi haiwezi kuangalia chini, ndiyo cheti changu.

Tuanze na fizikia, maana ndiyo mnayoiogopa. Katika Superman ya mwaka 1978, Christopher Reeve anamkuta mchumba wake amekufa, amefukiwa ndani ya gari kwa tetemeko. Anafanya nini? Anairukia dunia, anaizunguka kwa kasi mpaka inageuza mzunguko, na muda unarudi nyuma. Walimu wa vyuoni wakacheka. Mimi mtafiti sikucheka. Nilikwenda nyumbani nikalifungua feni, nikalifunga panga zake kinyume, nikaliacha lizunguke usiku kucha. Asubuhi mwenye nyumba alipogonga mlango, kodi haikuwa imerudi nyuma hata siku moja. Kwa hiyo kosa la filamu ile nimelithibitisha kwa gharama zangu.

Utafiti wangu wa pili ulimhusu Thanos, yule bwana wa rangi ya zambarau katika Avengers: Infinity War ya 2018, aliyealiza vidole mara moja na nusu ya viumbe vyote ulimwenguni vikageuka vumbi. Nina hoja mbili. Kwanza, nusu haitoshi. Toa nusu ya abiria wa daladala la Mbagala saa 12 jioni, bado kuna mtu atasimama kwa mguu mmoja. Pili, Thanos alikuwa amevaa glavu ya chuma. Nikaazima glavu kwa fundi mageti wa hapa jirani, ile ya ngozi anayochomelea, nikajaribu kualiza vidole kutwa nzima. Haikutoka hata sauti ya kumfukuza nzi. Ikiwa ngozi haialiki, chuma kitaalika vipi? Barua yangu kuhusu jambo hili iko tayari, nasubiri anwani.

Mtaniuliza, Profesa, Kiingereza cha filamu hizo unakielewaje? Ndugu zangu, Kiingereza hakijawahi kunisumbua kwa sababu sikuwahi kukisikia. Kwetu Dar es Salaam alikuwapo marehemu Lufufu, akiifunika sauti ya mzungu kwa Kiswahili chake. Kenya wanaye DJ Afro. Watu hawa hawatafsiri tu, wanarekebisha. Filamu niliyoizoea kwa mkalimani, nilipokuja kuiona bila yeye, niliiona imepungukiwa: stelingi hana utani, adui hatukani, na hakuna anayetueleza kwamba yule mama aliyepita nyuma ni shangazi yake.

Na msidhani anga za mbali ni za wageni peke yao. Katika Return of the Jedi ya 1983 kuna rubani msaidizi aitwaye Nien Nunb, mashavu yamening'inia kama mifuko ya kangaruu, amekaa kando ya rubani Lando kwenye chombo. Lugha anayoongea ni Kikuyu. Sauti hiyo ilitolewa na mwanafunzi wa Kenya, Kipsang Rotich. Marekani walisikia lugha ya sayari nyingine, huku Nyeri mtu akasikia jirani yake. Hata Uhura wa Star Trek, tangu mwaka 1966, jina lake limetokana na uhuru wetu huu huu wa Kiswahili.

Ndiyo maana Wakanda iliniuma. Nchi ya kwenye filamu ambayo kwa kawaida huchorwa huku kwetu Afrika Mashariki, na ndani yake yumo Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, halafu wanaongea Kixhosa! Nilichunguza nikapata chanzo. John Kani, mwigizaji mkongwe wa Afrika Kusini, alipomcheza Mfalme T'Chaka mwaka 2016, alikuja na lugha yake ya mama, ikabaki kuwa lugha ya taifa. Angeitwa mzee yeyote wa Tanga, leo Wakanda nzima ingesalimiana kwa shikamoo, na ule ugomvi wa kiti cha enzi ungekwisha kwa kahawa na tende.

Sasa nakuja kwenye kiini cha taaluma yangu. Tegeni masikio.

Sheria kuu ya sinema ni moja: stelingi hafi. Anapigwa, anatupwa kutoka ghorofani, anafunikwa na kifusi, muziki unakuwa wa kwaya, kina mama wanashika vichwa. Halafu kidole. Kidole kimoja kwenye vumbi kinatikisika. Hapo banda zima linasimama, soda zinamwagika, na hata anayeidai benki anasamehe. Nimeona watu waliofiwa kweli wakifarijika kwa kidole kile.

Mbishi mmoja aliwahi kunitupia Terminator 2 ya mwaka 1991. Akasema Schwarzenegger si alizama kwenye chuma kilichoyeyuka? Swali la kitoto. Yule ni mashine, na mashine haifi, inaharibika. Isitoshe, alizama huku amenyoosha dole gumba, na mtu anayekufa hana nafasi ya dole gumba.

Kisha ikaja Avengers: Endgame, mwaka 2019, saa tatu na dakika moja. Tony Stark, aliyechezwa na Robert Downey Jr. tangu Iron Man ya 2008, anavaa yale mawe sita ya nguvu, anaaliza vidole, jeshi la Thanos linapeperuka, anaketi chini, anakata roho. Tukangoja kidole. Kimya. Tukaletewa mazishi. Shada la maua likawekwa ziwani likawa linaelea, nasi bado tunatazama maji kama yatatikisika.

Watu walitaka kurudishiwa pesa. Ndipo kijana mmoja wa chuo akasema tukae, kampuni inayotengeneza filamu hizi huficha kipande cha filamu baada ya majina. Tangu lini? Tangu Iron Man ya kwanza! Miaka 11 mwenye banda huyu alikuwa akizima deki jina la kwanza linapopanda. Nilijihisi kama mtu aliyekula pilau miaka 11 bila kuambiwa chini kuna ukoko.

Tukakaa. Majina yakapanda: waliochora moshi, walioshona suruali, waliopika chakula cha wasanii. Watoto wakalala. Mwisho kabisa skrini ikawa nyeusi, tukasikia chuma kikigongwa. Nga, nga, nga. Basi. Mzee mmoja akaguna kwamba fundi mageti leo ana kazi ya dharura.

Mimi nikatoka nje kuhakiki, kama ulivyo mwenendo wa kisayansi. Fundi alikuwa amefunga saa mbili. Kufuli liko mlangoni, jiko limepoa. Sasa aliyekuwa akigonga chuma ni nani, kama si Stark?

Walinicheka mtaa mzima. Mzee Martin Scorsese naye mwaka huohuo akatangaza kwamba picha hizi si sinema, ni kama viwanja vya michezo ya kubembea. Namheshimu, ni mtaalamu mwenzangu, ila yeye mwaka ule alitoa The Irishman, saa tatu na nusu, na humo hakuna hata mtu mmoja anayeruka.

Julai 2024, kule San Diego, mtu mmoja akapanda jukwaani amevaa kinyago cha chuma. Akakivua. Downey! Amerudi! Nililia mbele ya watu. Kisha wakatangaza anarudi kama Doctor Doom, yaani adui.

Stelingi aliyerudi na cheo cha adui, anakufa au hafi? Hilo sheria yangu haikulitazama, na yeyote atakayeniuliza leo nitamtoa nje.

Haya, umeme umerudi. Wewe mwenye kofia hapo mbele, vua.