Kifaru cha Redi Oksaidi

Mgeni akitaka kujua hali ya uchumi wa Babati asihangaike kwenda ofisi za mkoa. Azunguke mitaani aangalie mageti. Geti jeusi lenye maua ya dhahabu ni la mtu aliyekwisha kuuza mazao. Geti la redi oksaidi ni la mtu anayesubiri bei ya mbaazi ipande ndipo apige rangi ya juu. Mengine naapa yanasubiri tangu 2017, India ilipobana uagizaji wa mbaazi na gunia likakosa mnunuzi.

Nayasema haya kwa sababu mimi, mtu mzima mwenye familia, huunganisha vifaru vya plastiki vya Wajerumani, vile vya kipimo cha 1/35. (Kipimo hicho hakina hekima yoyote: mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya walipotengeneza kifaru chao cha kwanza cha Panther, ilibidi mota na betri vienee ndani, basi.)

Kazi ya kuunganisha ni gundi na subira. Balaa ni rangi. Februari 1943 jeshi la Ujerumani, Wehrmacht, liliagiza vifaru vitoke kiwandani na rangi moja tu, manjano iliyopauka, ndugu wa vumbi la barabarani. Mabaka ya kijani na kahawia wakapake askari wenyewe; walipewa makopo ya rangi nzito wakaizimue kwa maji au petroli. Petroli! Mwaka uliofuata hata ya kutembezea kifaru ilikuwa haitoshi. Agosti 1944 mabaka yakahamishiwa viwandani, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipozaliwa, maana MAN ya Nuremberg, Daimler-Benz na MNH wote walitengeneza Panther, na kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake. Kuna watu wazima wamenuniana kwa sababu ya ukingo wa baka moja. Kisha wakaja na vidoti, vya mwanga juu ya giza na vya giza juu ya mwanga, ili kifaru kikijificha msituni kionekane kama jua linalopenya majani. Kufikia mwisho wa mwaka rangi yenyewe ikawa adimu. Wakaiacha redi oksaidi ya chini ionekane sehemu sehemu, ikahesabiwa kuwa nayo ni baka.

Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu sebuleni. Kumbe hata Nuremberg walikuwa wanasubiri mbaazi.

Redi oksaidi niliipata bure kwa mchomelea mageti, mabaki ya kopo. Manjano nikaipeleka kwa fundi rangi wa gereji, mwenye kompresa ya kupigia malori. Nikamtajia namba: RAL 7028.

"Hiyo ni ya Toyota gani, mzee?"

Thina ya magari hula plastiki, kwa hiyo tulikubaliana apulize kwa mbali na kwa adabu. Akaanza vizuri, kisha utamu wa kazi ukamkolea, akasogea. Panther halisi ilikuwa na tani 45. Yangu iliruka kutoka juu ya pipa, ikapita chini ya bajaji iliyokuwa inasubiri bampa, ikatua kwenye mtaro. Bunduki ya fundi iliifuata njia nzima bila kuachia kidole. Bajaji hiyo hadi leo ina mkanda wa manjano ya Wehrmacht ubavuni, na mwenyewe anasema abiria wanaipenda.

Vidoti nilivipiga mwenyewe barazani kwa kijiti cha kuchokolea meno, kimoja kimoja, huku mate yamenikauka. Jirani, mama wa makamo, akasimama kunitazama.

"Baba, mabaka si yalikatazwa?"

Ni kweli, Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na sare za jeshi. Nikamweleza kwamba hiki ni kitu cha kuchezea, na pamoja na mzinga wake ni kama sentimita 25 tu.

"Hata kofia ni ndogo, baba," akasema, akaenda zake. Siku nzima kila pikipiki iliyopunguza mwendo getini niliisikia.

Hatimaye kikakamilika: manjano, kijani, vidoti, na redi oksaidi niliyoiacha makusudi kwenye mnara na ubavuni, kama kilivyotoka kiwandani. Nikakiweka juu ya kabati la televisheni. Jumapili akaja shemeji kutoka Magugu. Alikishika, akakigeuza, akapitisha kidole pale palipokuwa pekundu, akanitazama mimi, kisha akalitazama kabati. Nikamweleza amri za 1944, uhaba wa rangi, viwanda vitatu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa upole wa mtu aliyekuja msibani.

Wakati wa kuaga alinivuta pembeni, dada yake asione, akanishikisha elfu tano kiganjani.

"Hali ni ngumu kwa kila mtu, shemeji. Kamalizie rangi ya juu."