Namna ya Kukumbuka Nyumbani Bila Kupona: Mwongozo kwa Mgeni wa Leicester

Hongera kwa kufika Uingereza. Viza umepata, ada ya afya umelipa pauni 1,035 kwa kila mwaka utakaokaa (776 ukiwa mwanafunzi), na chumba umekipata, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani. Kitu pekee ambacho hukukilipia ni ule unyonge utakaokukamata Jumapili jioni, wiki ya tatu hivi, ukiwa unakunja soksi. Huo hutolewa bure.

Washauri watakuambia ujichanganye na watu, ufanye mazoezi, ujiunge na kwaya. Usiwasikilize. Kukumbuka nyumbani ni kazi, na kazi ikifanywa nusunusu humwaibisha mtu na ukoo wake. Fuata hatua hizi kwa mpangilio na, Mungu akipenda, hutapona kamwe.

Hatua ya kwanza: Gombana na saa

Kwetu jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na hesabu yetu ya saa ikatulia hapo. Leicester mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Mwezi wa Juni huzama saa tatu na nusu usiku, watu wamekwisha kuvaa nguo za kulalia. Shikilia kwamba wenye kosa ni wao. Tena Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba husogeza saa zao, na wewe ndiye utakayemweleza mama kwa nini jana mlipishana saa mbili na leo ni saa tatu. Hataelewa, wala si kazi yake kuelewa. Majira yote ya baridi atapiga simu saa moja asubuhi, akishakunywa chai, na kwako itakuwa saa kumi usiku.

Pokea. Akiuliza, "Ulikuwa umelala, mwanangu?" jibu, "Hapana mama, nilikuwa macho tu. Shikamoo." Kisha atataka kujua umekula nini. Usimtajie ule mkate wa baridi wa dukani wenye jibini ndani. Sema wali na maharage. Uongo wa namna hii ni sehemu ya adabu.

Lile jua ulilokuwa ukilikimbia Kariakoo kwa kujifunika bahasha kichwani, sasa utalinunua duka la dawa. Huduma ya afya ya Uingereza hushauri watu wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku majira ya baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Meza kidonge, toka nje, piga picha ukiwa umesimama kwenye theluji unatabasamu, uwatumie wa nyumbani. Picha ya kidonge usitume.

Hatua ya pili: Tunza salamu

Jirani atakuuliza kama uko salama huku miguu yake ikiendelea kwenda. Ole wako usimame. Ukianza kumjibu habari za kazi, za watoto na za mguu wa shangazi, atarudi nyuma hatua mbili akidhani unaomba msaada. Salamu zako zote ziwekee akiba hadi umwone Mswahili mwenzako kwenye basi. Hapo zimwage zote, na akipitiliza kituo chake hilo ni lake.

Hatua ya tatu: Pika mpaka king'ora kilie

Ugali wako wa kwanza sharti uharibike. Kwenye rafu ya supamaketi utaona pakiti ya unga mweupe laini wenye jina la mahindi, nawe moyo utaruka. Ule ni wanga mtupu wa kuufanya mchuzi uwe mzito. Ukiusonga utapata kitu kama gundi ya kubandikia karatasi ukutani. Jaribio la pili litakupeleka kwenye polenta ya Waitaliano, ya njano, na kama nyumbani wapo wazee waliokula ugali wa njano, ule ulioitwa Yanga, miaka ile ya njaa, watakucheka mpaka simu ikate. La tatu litakufikisha Belgrave Road, kwenye maduka ya Wahindi, au kwa Mwafrika yeyote mwenye duka lenye nywele za bandia upande mmoja na magimbi upande wa pili. Hapo utaukuta unga mweupe wa Afrika Kusini. Usilie dukani, kuna kamera.

Sukuma wiki ipo, imekatwakatwa pamoja na vijiti vyake, wenyeji wanaila mbichi kwa ajili ya afya. Wapishe. Kuhusu mzigo kutoka nyumbani, fahamu kwamba nyama na maziwa haviruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo ile nyama aliyokuanikia bibi itaishia kwenye pipa la forodha mbele ya macho yako. Samaki wanaruhusiwa kwa kiasi. Ndiyo maana katika kilo 23 za begi la mtu yeyote anayetoka likizo, dagaa wa Mwanza hupewa nafasi kabla ya nguo.

Wakaange usiku, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. King'ora cha moshi kitalia, mpangaji mwenzako atashuka akiwa na taulo, atauliza kama kuna kitu kimekufa humu ndani. Mjibu kwa utulivu: ndiyo, walifia ziwani, hapa wanafufuliwa. Mkaribishe. Akikataa, shukuru, walikuwa wachache.

Na siku ukizidiwa, nenda supamaketi ukawaamkie ndugu zako. Majani mengi ya chai ndani ya vile vifuko vya Waingereza yametoka Kenya. Maua ya waridi pale mlangoni huenda yamekatwa Naivasha wiki hiihii. Maharage mabichi nayo yameandikwa Kenya kwenye pakiti. Wote hao wameingia bila kuulizwa taarifa ya benki ya miezi sita, na hakuna anayetaka kujua wataondoka lini. Simama nao kidogo. Mlinzi akianza kukusogelea, nunua chai uondoke.

Hatua ya nne: Changa

Jiunge na makundi yote ya WhatsApp: la ukoo, la darasa lenu la kidato cha nne, la mtaa, la Watanzania wa mji unaoishi, na lile jingine lililojitenga baada ya ugomvi wa mweka hazina. Kwenye kamati za harusi utapewa cheo cha mdau. Utaamka ukute ujumbe: "Mdau wetu wa Uingereza tumemwandika pauni mia mbili, na hajapinga." Hukupinga kwa sababu ulikuwa zamu ya usiku ukimgeuza mzee wa watu kitandani. Lipa. Harusi utaitazama kwa video, ukiwa umevaa kitenge kinachofanana kidogo na sare, ukicheza kwaito peke yako jikoni.

Misiba ndiyo isiyo na mzaha. Mtu wenu akifia huku, makundi yote, hata yale mawili yasiyosalimiana, yatachanga kwa siku chache kumsafirisha. Watu wasiowahi kumwalika chai wakati wa uhai wake watamtafutia nauli ya kurudi. Toa bila kuombwa mara mbili, na usijiulize sana wewe utazikwa wapi. Swali hilo lina hatua yake, na mwongozo huu umeiruka kwa makusudi.

Hatua ya tano: Jenga nyumba kwa simu

Nunua kiwanja Chanika ambacho hujakiona. Msimamizi awe mjomba, kwa kuwa mtu baki anaweza kushtakiwa. Fundi atakutumia picha ya msingi. Mwezi ujao atakutumia picha ya msingi uleule kutoka upande wa pili, safari hii na mbuzi. Jifunze lugha ya kazi: nondo zimepanda bei, mchanga umechukuliwa na mvua, maji ya kumwagilia tofali yamekatika, bado lenta, bado kupaua.

Iwe na vyumba vinne na baraza pana, hata kama hapa unalala chumba ambacho mlango wa kabati haufunguki mpaka kitanda kisogezwe. Usiku usingizi ukikataa, panga samani: kochi hapa, feni pale, tangi la maji nyuma. Ni starehe isiyo na gharama, mpaka fundi apige simu.

Faida kubwa ya nyumba hii ni jibu. Kila atakayekuuliza unarudi lini, mwambie: nikimaliza nyumba. Fundi anajua umuhimu wa jibu hilo kuliko unavyolijua wewe, na kwa huruma yake ataichelewesha.

Hatua ya sita: Nenda likizo ukapotee

Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Jirani yako Mkenya aliupata kwenye Katiba ya 2010 na hatakuacha usahau. Kwa hiyo ikiwa ulishafanya ule mtihani wa uraia wa Uingereza, maswali 24 kwa dakika 45 na sharti upate 18, ukajua wafalme wao kwa majina, basi utashuka uwanja wa ndege unaoitwa Julius Nyerere na kujipanga kwenye foleni ya wageni. Jipange vizuri. Usimwambie ofisa kwamba ulizaliwa Temeke. Anaona.

Ukitoka nje, mwelekeze dereva kwa kujiamini: akupitishe mataa ya Ubungo, pale stendi ya mabasi ya mikoani. Atakutazama kwenye kioo. "Kaka, ulikuwa wapi wewe?" Mabasi yalihamia Mbezi Luis mwaka 2021, na mwaka huohuo barabara za juu zikafunguliwa pale pale Ubungo. Mwendokasi ulianza 2016. Treni ya umeme inakwenda Dodoma tangu 2024. Wewe kichwani unaishi Dar es Salaam ya 2011, na hakuna ndege inayokwenda 2011.

Endelea kujiaibisha kwa ratiba. Lalamikia joto. Fika kikaoni saa nane kamili kwa sababu kadi iliandikwa saa nane, ukae na viti mpaka saa kumi. Waambie watu wazima namna taka zinavyotenganishwa. Binamu zako watakuita Mzungu, kwa upendo, kisha watakuachia bili. Utagundua jambo moja: Leicester wanakuuliza umetoka wapi, na Dar wanakuuliza unaondoka lini. Hongera tena. Umekuwa mgeni mahali pawili kwa tiketi moja ya kwenda na kurudi.

Hatua ya saba: Kaa na aliyekutangulia

Rudi Belgrave Road. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na zaidi ya 27,000 wakaja Uingereza. Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije mjini humo. Wakaja. Leo mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu juu yake, imo kwenye menyu za mikahawa ya mji huohuo kwa jina la mogo, na anayeinunua mara nyingi hajui ilikopita.

Katika maduka yale hukosi mzee atakayekusikia ukizungumza na simu, naye akuite, "Njoo bwana, habari ya huko?" kwa Kiswahili kilichofungwa kwenye sanduku mwaka 1972 na hakijakunjuliwa. Atakuuliza kama duka fulani la vitambaa karibu na soko, Kampala, bado lipo. Hujawahi kufika Kampala. Mwambie lipo.

Sasa mtazame vizuri, maana huyu ndiye bingwa wa fani yenu. Zaidi ya miaka hamsini na bado anaitamani barabara isiyokuwepo. Wakati huohuo anamfokea kijana wa halmashauri kuhusu maegesho, anajua zahanati ipi foleni yake ni fupi, na nusu ya mtaa inamwita mjomba. Usimuulize anawezaje yote mawili. Atakuuzia mihogo.

Hatua ya nane: Jihadhari na mgeni

Hii ndiyo hatari kubwa. Siku moja utapigiwa simu na mtoto wa rafiki wa dada yako. Ameteremka kituo cha mabasi cha St Margaret's, amevaa koti jepesi la mvua, na ni Januari. "Shikamoo, kaka. Nimefika, lakini sijui niende wapi." Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; lakini huyu hana hata siku moja, na tayari anatetemeka.

Utajisikia ukisema: usitoke mlango huo, toka ule mwingine. Basi la kwanza liache, linazunguka mji mzima. Koti usinunue jipya, kuna duka la hisani pembeni, ingia asubuhi kabla hawajachaguachagua. Unga mweupe usiutafute supamaketi, ule ni wanga. Na mama yako mpigie leo, kwao ni saa tatu mbele, hajalala anasubiri.

Ukimaliza utanyamaza ghafla. Umeelekeza mtu mji mzima bila kusita, wewe uliyepotea Ubungo. Dalili hii ni mbaya. Huenda umeanza kuota mizizi, na mizizi ikishaota mwongozo huu haukusaidii tena. Usimwambie mtu. Mtumie fundi haraka hela ya mifuko kumi ya saruji, na umsisitize asifanye kazi kwa pupa.